Goli Nililompa Nzilo

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikaa kwenye terasi ya mkahawa wa Mama Bea nikinywa chai yangu, na nyuma yangu vijana sita walikuwa wanamchinja kwa maneno mshambuliaji wetu mpya. Mnamjua. Ndiye yule mliyempamba redioni tangu mwanzo wa msimu mpaka wamama wa sokoni wakawa wanaliimba jina lake. Sasa tumeingia pleyofu, zile mechi za mwisho za kutafuta bingwa wa nchi, na amecheza mechi tatu bila hata shuti moja la kumshtua kipa. Mmoja alisema ni goti. Mwingine akasema ni mwanamke. Mwingine akaapa kwamba kocha anampanga vibaya, na akaanza kupanga vizibo vya chupa juu ya meza ili atuonyeshe. Delphin, fundi cherehani, mtu mzima mwenzangu, anayejua kila kitu isipokuwa kumaliza suruali ya mtu kwa siku aliyoahidi, akawasukumia mbali vizibo vyao akasema: "Uyu ni sawa na ule Nzilo wa zamani. Makelele ya redio tu, mu kiwanja hakuna kitu."

Chai ilinishinda. Nikaiacha nusu, nikaenda nyumbani.

Wadogo zangu wa redio, mliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi ya kutangaza mpira, kwa kuwa niliifanya hapa Kolwezi miaka thelathini na moja. Nilikuwa nimejipanga kuwaandikia mambo ya koo na ya betri, na kuwachekesha. Nitafanya hivyo pia. Lakini Delphin amenichokoza, kwa hiyo mtanivumilia. Na Kiswahili hiki ninachoandika ni kile cha kusomea habari, mkono umekizoea. Watu wakisema, nitawaacha waseme kama tunavyosema mtaani.

Aliyenifundisha kazi ni mzee wetu, Tata Ngoie, karani wa mgodi siku za kazi, mtangazaji siku za Jumapili. Siku hizi mnatangaza na simu mkononi kama mtu anayeongea na shemeji yake. Sisi tulivuta waya kutoka nyumba ya mapadri mpaka uwanjani, na kabla ya mechi fundi mitambo aliufuata waya mzima kwa miguu, maana akina mama walipenda kuanikia nguo juu yake. Mechi yangu ya kwanza nilitangaza nusu nzima kwa ufundi ambao sijaupata tena maishani, na waya haukuwa umeunganishwa. Dakika arobaini na tano nilikuwa nayaambia mapaja yangu. Tata Ngoie alijua tangu dakika ya kumi. Aliniacha niendelee, eti nizoeze sauti.

Alinifundisha nisile karanga siku ya mechi, kwa sababu ngozi ya karanga inangoja goli liingie ndipo ishike kooni. Alinifundisha kuketi jua likiwa mgongoni hata nikikosa kivuli. Majina ya wachezaji niyaandike juu ya kipande cha boksi la sabuni, kwa namba, maana karatasi inaruka na upepo. Na niangalie mapumzikoni nani amechanika jezi na ameazima ya mwenzake, la sivyo nitamtangaza mtu aliyeketi benchi anakula chungwa.

Na alinifundisha jambo lingine. Alisema nisitangaze kisichoingia machoni mwangu. Nikikosa kuona, niseme nimekosa. Yeye mwenyewe siku moja alisema hewani, mji mzima ukisikia, kwamba goli limeingia lakini yeye alikuwa anapenga kamasi, wasikilizaji wangoje kidogo aulize. Kolwezi ilicheka mwezi mzima. Lakini mpaka anakufa, Tata Ngoie akisema mpira umetoka, hata refa alikubali kwamba umetoka.

Mimi nilikuwa na aibu kuliko yeye. Hilo ndilo tatizo langu lote, liandikeni.

Uwanja wetu haukuwa na chumba cha watangazaji. Meza yangu iliwekwa kando ya mstari, karibu na goli la upande wa kusini. Goli la kusini niliona mpaka kamba za viatu. Goli la kaskazini, wakati wa kiangazi, lilikuwa ndani ya vumbi jekundu, na watu ishirini na wawili wakiruka pamoja kule unaona wingu tu. Na watu wa jukwaani nao hawakuona vizuri, ndiyo maana walikuja na redio zao ndogo, baadaye na simu, wakazibana kwenye sikio. Mtu alikuwa amelipa tiketi, ameketi, anatazama mechi kwa macho yake, na bado anangoja mimi nimwambie anachotazama. Nilijivunia sana jambo hilo.

Miaka minane iliyopita timu yetu, Malakiti, ilimpata kijana anayeitwa Kapend. Mlunda, mrefu, mpole, ametoka upande wa Dilolo. Hakuwa mfungaji. Alikuwa mtu wa kukimbia, dakika tisini huku na huku, na watu walimpenda kwa sababu alikimbia mbele ya jukwaa na aliwasalimu wazee kwa kuinamisha kichwa. Siku tuliyocheza na timu ya kutoka Likasi, mwisho wa kiangazi, mpira ulipigwa kutoka kushoto, ukaingia kwenye wingu la kaskazini, watu wakaruka, na nikaona wavu unatikisika. Nani? Sikujua. Boksi la sabuni mkononi halikunisaidia kitu. Nilikuwa na sekunde mbili, na nilimkumbuka Tata Ngoie, kwa kweli nilimkumbuka, na nikaona haya. Nikapiga kelele: Kapend! Kapend ameiwasha Kolwezi! Kapend ni Nzilo!

Nzilo ni bwawa linalotuletea umeme, basi jina likawashika watu papo hapo. Aliyefunga kweli alikuwa Mukendi, beki wa kushoto, kwa goti. Wako watu jukwaani waliomwona. Niliwatazama: waliangalia wavu, wakasikiliza redio, wakaangaliana, kisha wakaanza kucheza na kumwimba Nzilo. Macho na sikio viligombana, sikio likashinda.

Baada ya mechi katibu wa timu, ambaye dakika ile alikuwa getini akigombana na vijana wasio na tiketi, alikuja mezani kwangu na karatasi yake kuniuliza goli ni la nani. Kapend na Mukendi walikuwa wamesimama pale pale, wanakunywa maji. Kapend alinyoosha kidole kumwonyesha mwenzake. Mukendi, mchomeleaji wa vyuma, mtu asiyemaliza sentensi, alicheka tu akasema goli ni la timu. Nami nikamwambia katibu aandike Kapend, kwa sababu hewani nilikwisha kusema Kapend. Ni neno moja. Redioni kosa likisahihishwa kesho yake halimuumizi mtu. Sikulisahihisha kesho yake.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Kila vumbi liliponinyima jina, nilikuwa na jina. Simu zilimiminika kwenye kipindi changu. Delphin huyu huyu alishona jezi zenye NZILO mgongoni mpaka kitambaa kikamwishia, muulizeni. Msemaji wa timu, kocha, wauza magazeti, wote walisema Nzilo, na wote walikuwa wamelipata jina kwangu. Mwisho wa msimu karatasi za katibu zilisema Kapend ana magoli kumi na moja. Mimi nikijihesabia kwa haki, labda manne yalikuwa yake. Labda.

Tukafika pleyofu. Mechi ya kwanza ilichezwa Lubumbashi, na safari hii ilionyeshwa kwenye televisheni. Mama Bea alileta skrini kubwa, terasi ikajaa mpaka barabarani. Mji ulikwenda kumtazama Nzilo wa redio, na kamera ikawaonyesha kijana mrefu anayekimbia kwenda pembeni mahali ambapo mpira haupo. Tulifungwa moja bila. Dakika ya sitini mtu alisema kuran imekatika, umeme wa Nzilo umekwenda, terasi nzima ikaanguka kicheko. Mimi nilicheka pia. Niliona ni utani wa kawaida.

Wiki ile mabishano yalikuwa kila mahali, mnajua wenyewe yanavyokuwa. Ni mguu, ni mwanamke, amerogwa, amechoka, televisheni ya watu wa Lubumbashi inaficha mambo. Jumatano Kapend alikuja studio peke yake. Hakuwa na hasira. Aliketi kwenye kiti cha wageni, mikono katikati ya magoti, akasubiri fundi mitambo atoke ndipo akasema.

"Tata Zefirini, unadanganya batu juu yangu. Mi hapana mutu wa kufunga. Kazi yangu ni kukimbia, nakokota babeki, njia inabakia wazi, benzangu banapita. Sema ile tu. Siku ya yenga, Jumapili ya mechi, batu bakuye banajua nani banakuya kuona."

Nilianza kumweleza mambo ya vumbi, na ya jua, na ya katibu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nilipomaliza. Kisha akasema neno moja zaidi, kwamba usiku halali, kwamba mguu wake ukigusa mpira sasa anasikia ni mguu wa mtu mwingine. Nilimpa mkono. Nikamwambia: nitasema Jumapili asubuhi, kabla ya mechi.

Niliandika. Karatasi ile ninayo mpaka leo, mistari sita, safi kabisa: Kapend si mfungaji, magoli mengi mliyosikia yalikuwa ya wenzake, kosa ni langu, leo tazameni anavyokimbia. Jumapili asubuhi niliiweka mbele ya maikrofoni. Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mzee aliyesema amekaa siku tatu bila kula akimwombea Nzilo. Ya pili ilikuwa ya mgonjwa, alilala hospitali na redio kwenye mto. Nikaitazama karatasi. Nikaona watu wote hawa wananicheka kama walivyomcheka Tata Ngoie, ila mimi si kwa kamasi. Nikaikunja. Nikasema hewani kwa sauti yangu yote kwamba leo Nzilo atawasha taa zote za Kolwezi, hata zile ambazo hazina balbu.

Mvua ilikuwa imenyesha, basi siku ile hakukuwa na vumbi. Dakika ya themanini na tatu, bila kwa bila, tukapata penalti kwenye goli la kusini, hatua chache kutoka meza yangu. Mpigaji wetu wa penalti alikuwa Mukendi, sikuzote, na mpira alikuwa ameushika tayari. Jukwaa likaanza: Nzi-lo, Nzi-lo. Mukendi akatazama benchi. Kocha akatazama jukwaa, kisha akanyoosha kidole kwa Kapend. Kapend hakuwahi kupiga penalti hata moja tangu afike kwetu. Aliuchukua mpira, akaufuta kwenye jezi, akaufuta tena, na kabla ya kuuweka chini aligeuka akatazama upande wangu. Si kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nasema, mdomo haukusimama, sikumbuki nilisema nini. Akapiga. Mpira ulipita juu ya mwamba ukaenda kuwaangukia watu waliopanda ukutani.

Tukatolewa. Mimi ndiye niliyeongoza kipindi cha mashabiki Jumatatu, saa mbili nzima. Walisema amekula hongo. Walisema ni muchawi. Walisema tangu zamani waliona hana kitu, na hao ndio waliokuwa wamevaa jezi za Delphin. Niliwaacha wamwage. Ndipo bwana mmoja mstaarabu akaniuliza mwenyewe, taratibu: "Tata Zefirini, wewe uko karibu na mupila kuliko sisi bote. Uyu Nzilo ni mucheza mupila wa kweli, ao tulijidanganya?"

Mlango ulikuwa wazi, wadogo zangu. Karatasi ilikuwa bado kwenye mfuko wa koti. Mimi nikasema: "Mchezaji mkubwa anajulikana siku kubwa. Siku ilikuja, yeye hakuja." Nililipenda sana neno hilo. Kesho yake lilikuwa limeandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa nyumba aliyopanga Kapend, na chini yake: KURAN IMEKATIKA. Wenye nyumba walimwomba ahame. Timu haikumwita tena, na timu nyingine zikiuliza habari zake zilimuuliza nani? Mimi. Niliwaambia ni kijana mzuri, na nilivyolisema, mtu alielewa kwamba si kitu. Kabla ya mvua kwisha alirudi Dilolo, akaanza kuvusha samaki wakavu na mablanketi kwenye mpaka wa Angola. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Nilitangaza miaka sita mingine. Nilipewa cheti cha kustaafu na picha ya maikrofoni yenye fremu. Nilijitetea kila namna: vumbi, katibu, kocha, hata Kapend mwenyewe kwamba angekataa penalti. Siku nyingine nilifaulu, nikalala.

Basi Jumapili ile, baada ya chai kunishinda, nilimtafuta kwanza Mukendi. Siku hizi anachomelea mabomba Kingamyambo. Nilimwambia nataka kusema kweli ya lile goli. Alicheka cheko lake lile lile. "Sasa njo unakumbuka?" akasema, akavaa miwani yake ya kazi.

Jumatatu nikapiga simu kwenye kipindi chenu kama msikilizaji wa kawaida. Mtakumbuka, mlinisalimu vizuri, mkaniita mzee wetu. Nikasoma mistari yangu sita kama nilivyoiandika miaka minane iliyopita, na nikaongeza yale ya studio, ya Jumatano. Nilidhani mji utanipiga mawe, na nilikuwa tayari. Mpigaji aliyenifuata ndiye mliyemsikia wote: "Uyu tata amezeeka, mumurudishie heshima yake alale. Mi nilikuwa mu kiwanja, redio ku sikio. Nilisikia muzuri, Nzilo njo alifunga. Na ni ye mwenyewe alisema." Mkacheka studioni, mkapiga muziki. Sikuwalaumu. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Lakini mmoja wenu, sijui nani, aliirekodi sauti yangu akaituma, na siku hizi sauti inafika Dilolo kabla mtu hajakata simu. Alhamisi Kapend akanipigia. Miaka minane sikuwa nimeisikia sauti yake. Aliniuliza habari za afya, habari za mama wa nyumbani, habari za mvua. Alisema amesikia, alisema asante, tata. Nikamwomba msamaha. Akasema kuna mtu anataka kuongea na mimi, akampa mke wake simu.

Mke wake amezaliwa kule kule, hajawahi kufika Kolwezi. Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema bila kukasirika: "Tata, mi sikumuonaka akicheza ata siku moya. Byenye nilijua byote ni byenye redio ilisema. Na sasa umebiondoa byote, hakuna kenye kamebakia. Basi niambie kamoya tu, kenye wewe mwenyewe uliona na macho yako."

Nikataka kumwambia juu ya mbio, na mabeki, na njia inayobaki wazi. Lakini hayo aliniambia Kapend mwenyewe kwenye kiti cha wageni, mimi sikuwahi kuyatazama. Msimu mzima macho yangu yalifuata mpira, na yeye hakuwa mahali mpira ulipo. Nikatafuta. Mbio moja, pasi moja, kichwa kimoja. Jina lake nimelitaja mara zisizohesabika, na kitu kimoja tu cha mchezo wake nilichokiona kwa macho yangu mwenyewe, karibu, bila vumbi, tangu mwanzo mpaka mwisho, ni ile penalti.

Mama yule alikuwa bado kwenye simu, anangoja.